YZ125 inakufa nguvu katikati ya mbio, nimebadili pistoni na bado, msaada wakuu

vumbi_tupu (Moshi)

Wakuu habari za muda huu, wazee wote humu shikamooni. Nina Yamaha YZ125 ya 2008, stroki mbili, naikimbiza motokrosi huku Moshi na Arusha na mara moja moja tunavuka mpaka kwenda Nairobi pale Jamhuri. Tangu mwezi wa tatu imenipotezea nguvu na sielewi nguvu inakwenda wapi. Iko hivi, inawaka kiki ya kwanza au ya pili bila shida, raundi mbili za kwanza inavuta vizuri kabisa, ikifika raundi ya tatu au ya nne kwenye ule mnyoosho mrefu nikiwa gia ya nne nimefungua mafuta yote inaanza kuwa kama kuna mtu kaikamata kwa nyuma, resi hazipandi, nikikaza mkono ndo inazidi kulegea, nikirudisha mafuta kidogo inaamka afu inakufa tena. Kwenye kona na matuta haina neno. Narudi piti kichwa chini, naikagua kagua, naiacha dakika kumi, nikiingia tena uwanjani raundi mbili iko poa kama vile hakuna kilichotokea!!

Nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini akaniambia pistoni imechoka. Tumeweka pistoni mpya na ringi yake, gasketi za juu zote, plagi mpya ya NGK, filta imeoshwa ikapakwa oili. Plagi ya zamani ilikuwa nyeupe akasema petroli inaingia kidogo, akapandisha jeti kubwa (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) saizi mbili. Laki tano na ushee imeondoka hapo bila kuhesabu nauli. Sasa sikilizeni kituko, baada ya hayo yote pikipiki imekuwa mbaya zaidi, yaani sahivi hata raundi ya kwanza resi za juu hazipo, inavuta chini kama trekta afu inagota. Na ile ya kufa raundi ya tatu bado ipo vilevile.

Nina mbio wiki mbili zijazo na mfuko umetoboka. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

stroki4_damu

Uza hiyo mashine ya kukaangia samaki ununue stroki nne mkuu 😂

Natania. Ila hata sisi wa stroki nne tunalia, 250F yangu ilianza kugoma kuwaka ikiwa moto na nguvu za juu zikaisha taratibu, kumbe valvu za kuingiza zimejichimbia kwenye viti vyake mpaka nafasi imeisha, kitabu kinasema 0.10 mpaka 0.15 milimita mi nikakuta fila (kile kibati cha kupimia nafasi) ya 0.05 haipiti. Wewe huna valvu kwa hiyo sina msaada, nakaa hapa na karanga zangu nisome.

nairobi_mchanga

Niaje wadau. Buda hiyo ni altitude tu. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Moshi mko kama 800 na kitu, na injini isiyo na tabo (turbo, ile ya kusukumia hewa) inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ukitoka kwenu kuja huku tayari umeacha asilimia nane au tisa njiani na hakuna fundi wa kukurudishia. Afu hewa ikiwa nyembamba jeti ileile inakuwa kubwa, petroli inazidi, injini inaguguma. Mimi nikishuka Mombasa napandisha jeti, nikirudi juu nashusha, kila safari. Yeyote anayekuambia hiyo YZ ina jeti moja ya kukaa nayo mwaka mzima anakuuzia ndoto. Na sasa fundi wako amepandisha saizi mbili, hapo ndo umeiua kabisa.

vumbi_tupu (Moshi)

Nairobi_mchanga asante kaka lakini tatizo linanipata hapahapa Moshi pia, uwanja uleule niliokuwa naruka nao vizuri mwaka jana. Na ingekuwa ni mwinuko si ingekufa tangu raundi ya kwanza? Mbona inasubiri raundi ya tatu?

mzee_gasketi (Tanga)

Marahaba kijana. Mimi nilianzia kwenye Yamaha za mabwana shamba, zile stroki mbili zilizokuwa zinapanda Lushoto na gunia la mbolea nyuma, hizi za mbio nimezijia ukubwani, kwa hiyo nikiandika kirefu mnivumilie.

Kwanza acha kununua kitu chochote kuanzia leo. Pili, hilo swali lako la mwisho ndo swali la maana kuliko yote yaliyoandikwa humu, lishikilie. Tatu, una magonjwa mawili siyo moja, na ukiyatibu kama moja utauza mpaka kitanda. Umesema mwenyewe kabla ya pistoni ilikuwa inakufa raundi ya tatu tu, baada ya pistoni haipandi hata ya kwanza. Ugonjwa wa zamani ulikuwepo, huu mpya umeletwa na spana.

Tuanze na huu mpya maana ni rahisi. Silinda yako ina pawa valvu, Yamaha wenyewe wanaiita YPVS, ni kile kipande kinachokaa juu ya tundu la ekzosi. Resi zikiwa chini kinashuka kinafanya tundu kuwa fupi ili injini ivute chini, resi zikipanda kuna gavana ya vigololi upande wa klachi inasukuma mkono, mkono unavuta shafti, kipande kinanyanyuka, tundu linakuwa refu, na hapo ndo ile nguvu ya juu inapotokea ghafla mpaka unashika usukani kwa meno. Kikibaki chini siku zote utapata hichohicho unachokisema, trekta. Kikibaki juu siku zote utapata kinyume chake, chini imekufa juu ipo. Sasa ukinyanyua silinda kubadili pistoni lazima uchomoe ule mkono, na wakati wa kurudisha kuna pini ndogo ambayo fundi mwenye haraka huisahau au huiweka pembeni ya tundu lake. Fungua kifuniko kidogo pale ubavuni mwa silinda, washa, mtu apige resi, uangalie kama shafti inazunguka. Isipozunguka umepata jibu bila shilingi.

Ugonjwa wa zamani ndo wenye kazi. Hapo kuna vitu vya kuvitoa kwenye orodha kabla hujashika injini. Klachi naitoa sasa hivi nikiwa nimekaa, maana klachi ikiteleza resi zinapanda mwendo haupandi, wewe resi zenyewe hazipandi. Breki usiitoe, breki ya nyuma ikipata moto inaweza kujibana yenyewe ukadhani injini imekufa, ukirudi piti ikapoa ikaachia, inafanana kabisa na kilio chako, kwa hiyo ukitoka uwanjani tu inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Toa boksi la filta mtu afungue mafuta mpaka mwisho, uchungulie kabureta, slaidi, kile kipande kinachopanda ukifungua mafuta, ipande yote isiache hata ukucha ndani ya tundu, nimeshakuta waya umelegea kijana anakimbia robo tatu ya mafuta msimu mzima na analaumu ringi. Ridi nazo, zile valvu za vijani zinazoingiza mchanganyiko kwenye injini, zitoe uzielekeze kwenye jua, ukiona mwanga unapita pembeni ya vile vijani vya kaboni au ncha imemegeka, zimekwisha, ila ridi mbovu hukuonyesha kwenye kuwaka na kwenye resi za chini kwanza, na wewe unawaka kiki moja.

Angalia na lile tumbo la ekzosi kama limebonyea vibaya. Watu wanadhani ni bomba la kutoa moshi tu. Lile tumbo linarudisha wimbi la mgandamizo mpaka kwenye tundu la ekzosi kwa wakati wake, linarudisha petroli mbichi iliyokuwa inataka kutoroka. Mjerumani mmoja Walter Kaaden wa MZ kule Ujerumani Mashariki ndo aliyeifikisha mbali elimu hiyo, mwaka 1961 injini yake ya 125 ilikuwa inatoa farasi 25, yaani 200 kwa lita, na dereva wake Ernst Degner akatoroka mwaka huohuo akaenda Suzuki na siri zote kichwani. Kwa hiyo umbo la lile bomba siyo pambo. Ila bonyeo halisubiri raundi ya tatu, nimelisema kwa sababu nalipenda.

Halafu fanya kipimo cha kuvuja. Stroki mbili inapumulia tumboni kwa krenki, sili ya krenki upande wa magineti ikichoka inanyonya hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, plagi inakuwa nyeupe, na injini huwa inashikilia resi hata ukiachia mafuta. Upande wa klachi ikichoka inanyonya oili ya giabox, unaona moshi mweupe na oili inapungua bila kudondoka chini. Kifaa si lazima ununue, nenda kwa mtu mwenye kile kipimo cha presha cha hospitali chenye mpira wa kuminya. Ziba ekzosi na mdomo wa kabureta kwa kipande cha tyubu na kleme, pistoni iwe chini, jaza upepo kupitia tundu la plagi. Saa yake inaishia milimita 300 za zebaki, na hiyo 300 ni karibu kabisa na psi 6 tunayoitumia gereji, usizidishe. Kaa uangalie. Ikishuka zaidi ya 50 kwa dakika moja kuna mahali inavuja, paka povu la sabuni utafute.

Mwisho nataka usome plagi mara mbili. Kwenye mnyoosho, mafuta yote yamefunguliwa, zima injini na shika klachi kwa wakati mmoja, usiachie ikazunguka, simama utoe plagi. Fanya raundi ya kwanza ikiwa nzima, afu fanya tena palepale inapokufa. Niletee rangi zote mbili.

Na usiongeze oili kwenye petroli kwa kuogopa. Weka 30 kwa 1 kama kitabu, ukizidisha oili petroli inayopita kwenye jeti inapungua, unakausha badala ya kulainisha.

vumbi_tupu (Moshi)

Mzee nakuheshimu mpaka mwisho. PINI YA PAWA VALVU HAIKUWEPO. Yaani haikuwekwa pembeni, haikuwepo kabisa, mkono unaninginia tu kama mkono wa shati. Nimempigia fundi akasema "hiyo haina kazi sana". Nimekaa kimya maana ningesema neno. Nimepata pini kutoka kwa jamaa mwenye YZ iliyokufa, nimerudisha, resi zimerudi, nilipofungua mafuta ile nguvu ya juu ilinishtua nikakaribia kuacha pikipiki.

Ila ugonjwa wa zamani upo. Leo nimefanya yote. Slaidi inapanda yote. Gurudumu la nyuma linazunguka huru hata likiwa la moto. Ridi nzima. Kipimo cha presha niliazima kwa dada yangu nesi, aliniuliza nampima nani nikamwambia Yamaha, akacheka akanipa. Nilijaza mpaka 300, baada ya dakika sita nikakuta 280. Kwa hiyo sili nzima si ndiyo?

Plagi sasa ndo imenichanganya. Raundi ya kwanza nyeusi, ina masizi na unyevu, na kweli mwanzoni inaguguma kidogo kwa ile jeti kubwa. Palepale inapokufa, raundi ya nne, plagi nyeupe kama chaki. Plagi moja, jeti moja, siku moja. Inakuwaje petroli izidi na ipungue kwenye pikipiki moja ndani ya dakika nane?

mzee_gasketi (Tanga)

300 mpaka 280 kwa dakika sita hiyo injini imefungwa kama mtungi, hapo fundi wako tumpe haki yake, gasketi alikaza.

Nyeusi mwanzo nyeupe mwisho. Jeti haibadiliki saizi ukiwa unaendesha. Nina wazo, ngoja nile kwanza nirudi.

mama_wa_namba_17 (Arusha)

Jamani mimi siyo fundi, mimi ni mama wa rider, mwanangu anakimbia 85 na kazi yangu pale piti ni maji, miwani na petroli. Mwanangu samahani nikuulize kitu cha kijinga. Siku za mazoezi huwa unajaza tenki? Na ukirudi piti ikiwa imekufa kitu cha kwanza unachofanya ni nini, hufungui mfuniko wa tenki kuangalia petroli?

Nauliza kwa sababu mwaka juzi huyu wa kwangu alikuwa analia "mama inakufa, mama inakufa", mimi najua visingizio vya watoto nikawa simsikilizi. Siku moja nikafungua mfuniko nimwongezee petroli nikasikia fsssss, kama soda. Kumbe kile kipaipu cha kupumulia kinachotoka kwenye mfuniko kina kivalvu kidogo cha upande mmoja, na siku ya kuosha pikipiki kilirudishwa kichwa chini. Kilikuwa kinatoa hewa nje hakiingizi. Nikakigeuza tu kwa mkono, gharama yake ilikuwa soda niliyomnunulia mtoto kumwomba radhi.

vumbi_tupu (Moshi)

Mama shikamoo. Umenitoa jasho hapa nilipo.

Mazoezini natia nusu tenki ili iwe nyepesi, na mazoezini ndiyo inakufa lakini inachelewa, raundi ya sita au ya saba, wakati mwingine haifi kabisa. Siku ya mbio najaza mpaka shingoni, na hapo ndo raundi ya tatu. Nilikuwa nadhani ni presha ya mbio, nakaza mkono zaidi. Leo pia kwa ajili ya plagi za mzee nilijaza. Na ndiyo, nikirudi piti nafungua mfuniko, KILA MARA. Fundi naye anapoijaribu anapiga dakika mbili nje ya gereji anarudi anasema mbona nzima.

mzee_gasketi (Tanga)

Nimekula nimerudi nakuta mama kaniwahi na kaniwahi vizuri. Huyo si mama wa maji na miwani, huyo awekwe gereji.

Ngoja nikueleze kwa nini inakuwa hivyo, ili siku nyingine usiambiwe pistoni. Pikipiki yako haina pampu ya petroli, petroli inashuka kwa uzito wake tu kutoka tenki mpaka kabureta. Urefu huo ni kama sentimita 20 hivi, siyo zaidi sana. Nguvu ya sentimita 20 za petroli ni ndogo mno, haifiki hata sehemu mbili kwa mia ya shinikizo la hewa tunayopumua. Petroli ikitoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa isipoingia, ndani ya tenki panaanza kunyonya, na hakuhitajiki mnyonyo mkubwa kuishinda ile sentimita 20. Mnyonyo ukilingana nayo petroli inagoma kushuka, inabaki kudondoka.

Sasa kwa nini tenki likijaa linakufa mapema? Kwa sababu juu ya petroli hewa ni kidogo. Chukua chupa mbili, moja ina hewa ya kikombe kimoja, nyingine ya ndoo nusu, toa kijiko cha maji kwenye kila moja bila kuingiza hewa. Ile ya kikombe itabana haraka sana, ile ya ndoo hata haitasikia. Tenki la nusu ni ile ndoo. Na kwa nini kwenye mnyoosho tu? Kwa sababu kwenye kona unakunywa petroli kidogo, bakuli la kabureta linawahi kujaa tena. Ukifungua yote jeti kubwa inakunywa kuliko kinachoshuka, bakuli linashuka, mchanganyiko unakauka, plagi inakuwa chaki. Ukirudisha mkono bakuli linajaa, inaamka, inakufa tena. Kila ulichoandika siku ya kwanza kilikuwa kinasema hivyo na mimi mzee mzima nikakimbilia kueleza Wajerumani.

Hewa inaingia kidogo hapo kwako siyo kwamba imezibwa kabisa, ingezibwa kabisa usingemaliza hata raundi moja.

Usibahatishe, pima. Injini ya baridi, nje, pasiwe na moto wala sigara. Tenki lijae, mfuniko umefungwa. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uingize kwenye chupa safi ya lita moja na nusu, fungua koki uangalie mtiririko. Ukianza kunyauka kabla chupa haijajaa, usiguse kitu kingine, fungua mfuniko tu uone.

Na nakuomba, usiikimbize tena mpaka upate jibu. Stroki mbili ikikauka petroli kwenye resi za juu imekauka na oili pia, maana oili inakuja ndani ya petroli hiyohiyo. Pistoni ya laki tano inaweza kushika silinda kwenye huo mnyoosho, na gurudumu la nyuma likijifunga gia ya nne wewe utakuwa hewani.

vumbi_tupu (Moshi)

Wakuu nimepima asubuhi hii. Koki ikafunguliwa, petroli ikatoka kama bomba, chupa ikafika kama robo, ikaanza kupungua, ikawa uzi, ikawa matone, tone, tone, tone. Mdogo wangu ndo alikuwa ameshika chupa, nikamwambia fungua mfuniko. FSSSSS na petroli ikaruka mpaka mkononi kwake.

Nikachomoa kile kipaipu cha kupumulia. Kivalvu kiko sawa, kimeelekea kunakotakiwa, nikipuliza kinapita. Ila ule mwisho wa kipaipu unaoingia kwenye tundu la shingo ya usukani haupitishi kitu. Nimetoa nje nikaukata kidogo kwa kisu. Udongo!! Udongo mkavu mgumu kama tofali umejaa kama sentimita mbili, na katikati kuna kitundu cha sindano ndo kilikuwa kinapumua. Ni wale nyigu wa udongo, wale wanaojenga kwenye kona za dirisha na ndani ya tundu la kitasa. Ndani kulikuwa na vibuibui vikavu wamewekewa watoto wao. Desemba mpaka Februari pikipiki ilikaa bandani sikuigusa kwa ajili ya mitihani, mwezi wa tatu nikaanza kulia.

Nimekata kipaipu kipya cha mia tano kutoka kwa muuza spea za boda, nikapiga raundi kumi tenki likiwa limejaa. Kumi. Mnyoosho wote mafuta yote. Mdogo wangu anasema nilikuwa nacheka ndani ya helmeti mpaka alisikia, mi nadhani anaongopa.

Laki tano na nyigu anakula buibui 😭

stroki4_damu

Karanga zimeisha. Hii ndo bora kuliko tamthilia ya saa tatu.

Ila pistoni mpya si umebaki nayo, usiseme hela imepotea yote. Pistoni ya 125 ya mbio si kitu cha kukaa nacho mwaka.

nairobi_mchanga

Maze sikuwaza nyigu hata kidogo, nakubali kosa 🙌 lakini kabla hujaja huku rudisha jeti. Ile nyeusi ya raundi ya kwanza ni jeti ya fundi. Aliona plagi nyeupe akadhani jeti ndogo, kumbe petroli yenyewe haikuwa inafika, sasa petroli inafika na jeti bado kubwa. Rudi kwenye ya zamani kwa Moshi, soma plagi, ikija rangi ya kahawa ya maziwa iache. Ukifika Jamhuri anza na saizi moja chini ya hiyo kisha usome tena, usichukue neno langu, chukua neno la plagi. Na ile asilimia nane au tisa niliyosema bado utaiacha Namanga, pole.

mama_wa_namba_17 (Arusha)

Mwanangu nimefurahi kama nimeshinda mimi. Ukiegesha muda mrefu funga kitambaa chembamba kwenye mwisho wa kipaipu kwa kamba, na sailensa izibe kwa kitambaa, hao wadudu hawachagui tundu. Tena funga kitambaa chekundu kirefu, siyo uje uwashe nacho. Huyu wa kwangu ameshawahi.

Na ukikutana na namba 17 uwanjani umpishe, ni mtoto.

boda_tabata

Samahani wakuu kuingilia uzi wa watu wa mbio, mimi ni boda tu huku Tabata. Nimesoma mpaka mwisho moyo unanidunda. Pikipiki yangu ni 150 stroki nne ya kawaida, mjini haina shida, ila nikipata abiria wa Kibaha nikishaipita Mbezi nikaifungua barabarani inaanza kukatakata kama imeishiwa, nasimama, natikisa tenki, nafungua mfuniko nachungulia petroli ipo, nafunga, inaenda. Nimeshabadili plagi mbili na kabureta imeoshwa mara tatu na kila fundi ananiambia petroli chafu. Na mimi ni nyigu?

mzee_gasketi (Tanga)

Boda tu ndo nini? Wewe kwa siku unaendesha kilomita ambazo hawa wa mbio hawazifikishi kwa mwezi.

Ya kwako haina kipaipu, inapumulia kwenye mfuniko wenyewe, kuna kitundu kidogo upande wa chini na njia inayopita pale kwenye kitasa. Swali moja tu, na ujibu ukweli. Umeweka kitu chini ya mfuniko?

boda_tabata

Mzee umejuaje. Mvua za masika maji yalikuwa yanaingia kwenye tenki, kijiweni wakaniambia weka nailoni afu ndo ufunge mfuniko. Wote tumeweka.

mzee_gasketi (Tanga)

Kaitoe. Kabla hujaitoa endesha kwanza mpaka ianze kukata, usimame, ufungue mfuniko taratibu uangalie hiyo nailoni ilivyokaa. Ya mvua tafuta mpira mpya wa mfuniko, zinauzwa.

boda_tabata

Nimetoka Kibaha sasa hivi. Ilipokata nikafungua polepole kama ulivyosema mzee, nailoni imenyonywa yote ndani ya shingo ya tenki, imekaa kama kikombe, kuivuta mpaka nilitumia kucha. Nimeitupa. Kurudi nilikuwa na abiria wawili na mzigo na haikukata hata mara moja.

Kesho asubuhi kijiweni naanza kuwafungulia watu mifuniko mmoja mmoja.